Mama wa Tizón Yuko Wapi?

Kila mwaka, majira ya kuvua kambakoche yanapofunguliwa, familia kadhaa za kisiwani kwetu hufunga nyumba zao, hubeba unga, kuku, paka na magodoro, na kuvuka bahari hadi Selkirk, kisiwa kilicho mbali zaidi upande wa machweo. Huko hakuna duka wala barabara. Kuna vibanda vya mbao mdomoni mwa bonde, kuna mbuzi mwitu juu milimani, na chini kwenye mawe kuna sili, wanyama wa baharini wanaopanda nchi kavu kuzaa na kupumzika.

Sili hawa wana manyoya mazito mno. Ukipuliza hivi uone ngozi, huioni. Manyoya hayo ndiyo yaliyowaponza. Zamani za mababu, meli za wageni zilikuja kuwapiga marungu na kuwachuna, shehena baada ya shehena, mpaka watu wakasema wamekwisha. Bibi yangu alizaliwa visiwani hapa, akazeeka hapa, akafa hapa, na hakuwahi kumwona hata mmoja. Kumbe wachache walikuwa wamejibanza mapangoni, mahali ambapo mashua haiwezi kutia nanga. Wakazaana polepole. Sasa ni marufuku kuwagusa, na usiku wanapiga kelele hata huwezi kulala.

Mwaka ninaousimulia, mdogo wangu Eleuterio alikuja Selkirk na binti yake Yasna tu. Mkewe Maritza alikuwa mjamzito, na wajawazito wa visiwani kwetu huenda kujifungulia bara, Valparaíso, kwa kuwa kwetu hakuna hospitali ya kuzalia. Huondoka mapema, wakakaa kungoja huko peke yao. Kwa hiyo Yasna nilimchukua mimi, shangazi yake, alale kwangu na mwanangu Renato.

Yasna alikuwa na miaka tisa na maswali kama manyunyu: hayapigi kwa nguvu, lakini hayakatiki.

"Shangazi, kwa nini sili tunawaita mbwa mwitu wa baharini na hata miguu hawana?"

"Kwa sababu aliyewapa jina hakukuuliza wewe."

"Na kwa nini wana masikio madogo hivi?"

"Wayakuze ya nini? Wasikie maswali yako?"

Alicheka, akatoka mbio, akaenda kumuuliza mtu mwingine.

Mtu mwingine mwenyewe alikuwa Antonia, msichana mtafiti kutoka bara, aliyekuwa amekodi kibanda cha mwisho karibu na mawe. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mama sili. Aliwanasa wachache, akawabandikia mgongoni kidude kidogo kama kiberiti, na watoto wao akawatia alama kichwani kwa dawa ya kupaushia nywele, ile ile wanayotumia wanawake wa mjini. Watoto wa sili huzaliwa weusi tii, kwa hiyo alama ile nyeupe ilionekana kwa mbali. Mmoja wao alikuwa na doa lililokaa upande, kama kofia iliyopeperushwa. Yasna akampenda huyo. Akampa jina Tizón, yaani kijinga cha moto, kwa ule weusi wake.

Basi siku moja Yasna alimwona mama yake Tizón akinyonyesha, akimaliza, akimnusa mwanawe pua kwa pua, kisha akajitosa majini na kuondoka. Yasna akakaa juu ya jiwe kumngoja. Jioni ikafika, nikamwita kula. Kesho yake akarudi pale pale. Mama hayupo. Keshokutwa hayupo.

"Baba, mama yake Tizón yuko wapi?"

Eleuterio alikuwa akishona dema lake la kunasia kambakoche, lililotoboka. "Amekwenda kuvua."

"Wapi?"

"Baharini, mwanangu. Atavua wapi, mlimani?"

"Lakini hapa samaki wapo! Wewe jana umevua wengi, tena umekaa mashuani tu. Kwa nini yeye asivue hapa hapa?"

Eleuterio akaweka sindano chini. Amevua kwenye maji hayo tangu utotoni na hajawahi kujiuliza. "Kamuulize Antonia," akasema.

Renato, ambaye alikuwa na miaka kumi na minne na anajua kila kitu, akadakia, "Ameliwa na papa huyo. Harudi."

"Mwongo!"

"Haya, ngoja uone. Utangoja mpaka uote ndevu."

Nilimpiga Renato kofi la mgongoni, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nilimwona Yasna ameinama, anachora mchangani kwa kidole cha mguu, hasemi kitu. Na mtoto huyu akinyamaza, ujue kuna jambo.

Kila alasiri Eleuterio alikwenda kwenye redio ya mawasiliano kupata habari kutoka kisiwa chetu kikubwa, na wao huko walipata za bara kwa simu. Siku zile mtandao ulikuwa haujatufikia. Habari zilikuwa zile zile: Maritza hajambo, bado hajajifungua, anawasalimu. Yasna aliuliza, "Lini atarudi?" na sauti ya redio ikajibu kwa mikwaruzo, "Bado, mpenzi. Bado."

Siku zikaenda. Tizón akakonda. Ngozi yake ikawa inamning'inia kama koti la kuazima. Alizunguka na watoto wenziwe, wakapigana mieleka, wakalaliana, lakini akisikia mama yeyote akiita kutoka majini alikurupuka na kukimbilia huko akilia. Mama wa watu akamnusa, akaona si wake, akamfukuza kwa meno. Tizón akarudi nyuma, akajikunyata chini ya jiwe.

Yasna hakuweza kuvumilia. Aliiba kichwa cha samaki jikoni kwangu, tena kile nilichokuwa nimekiweka kwa supu, akashuka nacho mawe kwa mawe mpaka alipokuwa Tizón. Akamsogezea. Tizón akakinusa, akapiga chafya, akakikalia. Yasna akanyoosha mkono akitoe chini yake ili amwekee tena mdomoni. Ndipo Tizón alipomng'ata mkono wa sweta, akasahau kila kitu isipokuwa sweta hilo, akawa analivuta huku ananguruma kwa kisauti chake chembamba.

"Niachie! We, niachie, mimi ni rafiki yako!"

Antonia ndiye aliyewaachanisha. Akamvuta Yasna kando, akaukagua mkono wake. Meno hayakuwa yamefika ndani.

"Mate yao yana uchafu mbaya," akamwambia. "Angekufikia ngozi, ungevimba mkono kama mkate. Na tena yeye hajui kula samaki. Bado ni wa maziwa tu."

"Anakufa njaa, Dada Antonia."

"Ana njaa, ndiyo. Hafi. Mwili wake unajua kungoja. Maziwa ya mama yake ni mazito kuliko krimu, karibu nusu yake ni mafuta matupu. Akishiba mara moja, anakaa nayo siku nyingi."

"Ngapi?"

"Ndilo ninalotaka kujua."

Yasna akamtazama vizuri. Alikuwa amezoea kwamba watu wazima ama wanajua, ama wanamfukuza. "Hujui?"

"Sijui. Ningejua ningekuja kukaa huku nioge maji ya baridi? Mama yake ana kidude changu mgongoni. Akirudi, kitaniambia alikokwenda."

"Na asiporudi?"

Antonia hakumdanganya. "Wako wasiorudi. Lakini bado mapema."

Tangu siku hiyo Yasna akawa msaidizi wa kungoja. Asubuhi alikaa na Antonia kwenye mwamba wa juu, wakapeana darubini. Na mtu akikaa kungoja, huona mengine. Aliona sili wazima wakielea kichwa chini, mapezi ya nyuma yakiwa juu hewani, yanapepea.

"Wanatupungia," akasema.

"Unadhani hivyo?" Antonia akamuuliza. "Utajuaje kama ni hivyo au sivyo?"

Adhuhuri hiyo nilipita karibu na kidimbwi cha mawe tunachofulia, nikakuta miguu miwili ya binadamu imetoka majini imesimama wima. Nusura niangushe beseni. Nikaivuta, akatoka Yasna, anakohoa na kucheka.

"Umerukwa na akili?"

"Shangazi, ni upepo! Mguu ukiwa umelowa, ukautoa nje, upepo unaupoza. Mwili wote unapoa! Wamevaa makoti ya manyoya, jua kali, wanasikia joto. Hawatupungii wala nini. Wanajipepea!"

Akakimbia na nguo zilizolowa kumwambia Antonia. Nikasikia Antonia akipiga kelele za furaha huko juu kama aliyepata fedha ardhini. Nikabaki peke yangu pale kidimbwini. Nitasema kweli: nilipoona hakuna mtu, nikavua kiatu, nikachovya mguu, nikauinua. Ni kweli unapoa.

Mama sili alirudi asubuhi moja yenye ukungu. Tulimsikia kabla ya kumwona, mlio mrefu unaopanda mwishoni kama swali. Kutoka chini ya mawe, katikati ya watoto wote, akajibu mmoja tu.

"Ni yeye! Ni Tizón!" Yasna alikuwa ameacha uji wake mezani na kiatu kimoja mlangoni.

Mama akapanda kwenye jiwe. Akaita, mtoto akaita, wakaitana hivyo wakisogeleana, mpaka pua zikagusana. Akamnusa, akajilaza ubavu. Tizón akajibwaga kwenye titi na hatukumsikia tena.

Lakini Antonia alikuwa hacheki. Aliendelea kutazama kwa darubini, kisha akampa Yasna. "Tazama shingo."

Shingoni, ndani ya manyoya, palikuwa na mstari wa njano. Ulikuwa ukanda wa plastiki, ule wa kufungia masanduku. Ulikuwa umezama, na pembeni pake nyama imechubuka nyekundu.

Nyote mlio wavuvi mnaujua ukanda ule. Masanduku ya chambo kilichogandishwa yanayotoka bara hufungwa nao. Mtu yuko mashuani, mikono imejaa damu ya samaki, anachomoa ukanda mzima mzima, anautupa. Unabaki duara. Sili kwa asili ni mdadisi: kitu kikielea, lazima akiguse, akizunguke, atie kichwa aone kuna nini upande wa pili.

"Kama Yasna," Renato alisema, lakini safari hii kwa upole.

"Atakapozidi kunenepa, utamkaba," Antonia alisema. "Lazima tuukate leo, na peke yangu siwezi. Ana uzito wa mtu mzima, na ana meno."

Eleuterio alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe chake. Yeye na sili hawakuwa marafiki. Walimwibia chambo, walimchania kamba za madema, na zaidi ya mara moja nimemsikia akiwaombea mabaya. Yasna akaenda akasimama mbele yake.

"Baba."

"Nimesikia."

"Ana mtoto, Baba."

Alimtazama binti yake. Sijui aliona nini. Akaweka kikombe chini, akaenda kuchukua wavu wa duara na ubao wa kusimamia mashuani. "Renato, vaa mabuti. Yasna, wewe unakaa juu ya mwamba, na ukishuka hata hatua moja, naacha kila kitu."

Tulingoja Tizón ashibe kwanza. Antonia hakukubali iwe vinginevyo. Kisha wakateremka watatu, wameinama, dhidi ya upepo ili wasinuswe. Eleuterio akaenda na ubao mbele kama ngao. Mama sili akainua kichwa, akafumbua mdomo, na nikayaona yale meno mpaka nilipokuwa.

"Sasa!" Antonia akasema.

Renato akatupa wavu. Sili akageuka kwa kasi ambayo hungemdhania, akaliwahi buti la Eleuterio. Yakatoka maneno ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Antonia akawa ameshamlalia mgongoni, anapapasa shingoni kwa kisu chenye ncha iliyopinda, huku anamwambia sili taratibu, "Pole mama, pole, karibu tunamaliza." Juu ya mwamba Yasna alikuwa ameziba macho kwa vidole, lakini vidole vimeachana.

Ukanda ukakatika. Nilisikia mlio wake mdogo, tap. Kisha Antonia akakata manyoya kidogo chini ya kile kidude, akakitoa, akaruka kando. Wakamwachia.

Mama sili hakukimbilia baharini. Alisimama, akajikung'uta, akawangurumia wote watatu mmoja mmoja, halafu akamwendea Tizón aliyekuwa amejificha, akamnusa kuanzia pua mpaka mkia kama mama anayekagua mtoto aliyetoka shule. Ndipo akateremka kwenye maji ya karibu kuosha jeraha lake.

Eleuterio alikaa juu ya jiwe, buti limetoboka, anauzungusha ule ukanda mkononi. Mashuani mwake masanduku yalikuwa na ukanda kama huo huo. Akaukunja, akautia mfukoni.

Alasiri Antonia alikuja jikoni kwangu. Nilikuwa nakanda mkate, na meza nzima imetapakaa unga. Alikuwa amekiunganisha kidude na kompyuta yake, na macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Yasna, njoo. Hapa ndipo Selkirk." Akaweka donge la unga wangu katikati ya meza. "Alianza hapa." Akaanza kuchora kwa kidole ndani ya unga. Mstari ukaenda, ukaenda, upande wa kusini na machweo, ukapinda kidogo, ukaendelea.

"Shangazi, sogeza sufuria," Yasna akasema.

Nikasogeza. Mstari ukapita lilipokuwa sufuria. Ukafika ukingoni mwa meza.

"Meza imekwisha!"

"Naam. Na alipofikia ni pale." Antonia akanyoosha mkono hewani, karibu na jiko. "Ni mbali karibu kama kutoka hapa mpaka Valparaíso."

Yasna akainama mezani. Alitazama ule mstari, kutoka donge la unga mpaka ukingoni.

"Huko kuna nini ambacho hapa hakuna?"

"Kuna kilindi. Na ndani ya kilindi kuna visamaki vidogo vyenye taa mwilini, mafuta matupu. Mchana viko chini sana, gizani. Usiku hupanda juu, naye ndipo anapozamia kuvila. Samaki wa baba yako ni wazuri kwa supu, lakini hawatoshi kutengeneza maziwa mazito vile. Maziwa ya kumwezesha mtoto angoje."

"Kwa hiyo anakwenda mbali kwa sababu ya Tizón."

"Ndivyo ninavyoona."

"Na anaijuaje njia ya kurudi? Baharini hakuna alama."

Antonia akakuna kichwa kwa mkono wenye unga. "Hilo sijui. Hakuna ajuaye kwa hakika."

Yasna akakivuta kiti, akapanda, akaanza kuuchunguza mstari kwa karibu, pua yake inagusa unga. "Basi mniachie mimi," akasema. Mkate wa siku hiyo ulichelewa, kwa kuwa hakuruhusu mtu aifute meza.

Jioni Eleuterio aliwakuta wavuvi wenzake wanapopandisha mashua. Akawaonyesha ule ukanda uliokatwa, wenye manyoya bado yameganda. Akasema kuanzia sasa yeye atakata kila ukanda kabla hajafungua sanduku, na mabaki atayarudisha bara. Baadhi wakaitikia. Mzee Nolberto, ambaye hupinga hata kuchomoza kwa jua, akasema:

"Bahari yote hii kubwa! Kijikanda kimoja kitafanya nini?"

"Bahari ni kubwa," Yasna akasema, "lakini shingo yake ni ndogo."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Nolberto akamkazia macho. "Huyu mtoto mnamlisha nini?"

"Kamba, kama wewe," nikamjibu.

Alilalamika mpaka kibandani kwake. Lakini kila mashua ilipofika ufukweni, Yasna alikuwa pale na mkasi wangu wa kushonea, na hata Mzee Nolberto alikuwa anamrushia kanda zake huku anageuza uso upande wa pili. Mwisho wa msimu zilijaa gunia zima. Siwezi kusema kuwa tumemaliza tatizo. Bado kila mwaka tunamwona mmoja au wawili walionaswa, na mara nyingine wako mbali hatuwafikii. Ila si wengi kama zamani.

Maritza alikuja na meli ya mwezi wa pili, na mtoto wa kiume aliyefungwa kifuani. Bahari ilikuwa chafu, ikabidi ashushwe kwa kamba mpaka kwenye mashua ya Eleuterio. Yasna alimkumbatia mamaye na kubaki hivyo muda mrefu, halafu akamuuliza mdogo wake ni lini atafumbua macho vizuri, kwa nini hana nyusi, na kama maziwa anayokunywa ni mazito au mepesi. Maritza akanigeukia. "Mmemfanya nini huyu?" Nikamwambia tulimkuta hivyo hivyo.

Kesho yake Yasna akampeleka mama yake mawe kwa mawe kumwonyesha Tizón. Nilikwenda nao nimebeba kitoto. Tulipofika juu ya mwamba Yasna akatazama, akatazama tena. Watoto wa sili walikuwa wengi majini, wanajifunza kuogelea kwenye kidimbwi kikubwa, wanazama na kuibuka na vipande vya mwani mdomoni. Lakini hakuna aliyekuwa mweusi. Manyoya ya utoto yalikuwa yamepukutika, na wote walikuwa wamevaa mapya, ya kijivu yenye kung'aa. Doa jeupe lilikuwa limekwenda na yale ya zamani.

"Yupi ndiye?" Maritza akauliza.

"Sijui," Yasna akasema. Akakunja uso. "Mama, sijui! Wote wamefanana."

Akakaa chini, kidevu juu ya magoti, anawatazama mmoja mmoja. Watoto wa sili nao wakamwona. Watatu wakaja karibu na ukingo, wakainua shingo zao nyembamba, wakamkodolea macho makubwa kuliko uso. Mmoja akapiga chafya.

"Labda ni huyo," Yasna akasema, akasogea mbele kidogo amtazame vizuri.